Sera ya Makao Makuu Ikitua Mombasa: Mwongozo kwa Ofisa wa Rasilimali Watu

Barua pepe yaingia asubuhi kutoka Rotterdam, Dubai au Mumbai. Sera mpya ya wafanyakazi, kurasa sitini za Kiingereza, itaanza kutumika nchi zote mwezi ujao, tafadhali thibitisha kwamba umeipokea. Ofisa wa rasilimali watu aliyeko Shimanzi, Changamwe au kwenye hoteli ya Nyali ana siku chache za kujibu, na wengi huithibitisha tu wakaendelea na kazi nyingine. Matatizo huanzia hapo. Walioiandika sera hiyo wanaijua kazi yao, ila sheria waliyokuwa nayo kichwani ni ya kwao. Ya hapa unaijua wewe, na ukinyamaza hakuna mwingine atakayewasemea watu wa ghala na wa zamu ya usiku.

Nionavyo mimi, sera ya kampuni mama haifai kukataliwa, wala haifai kunakiliwa. Inafaa kuchambuliwa kipengele kimoja kimoja, kisha tawi la Mombasa liandike nyongeza yake lenyewe, mapema, kabla ya mgogoro wa kwanza. Hatua zake ndizo hizi.

Hatua ya 1: Jua mwajiri ni nani

Kampuni tanzu iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni ya 2015 ni kampuni ya Kenya, hata kama hisa zote ziko ng'ambo. Jina lake ndilo linalopaswa kuwa kwenye mkataba wa kazi. Toa mafaili kumi kabatini uyasome. Utakuta mikataba yenye jina la kampuni mama, mingine yenye jina la wakala aliyeleta wafanyakazi, na mingine inayosema mgogoro wowote utaamuliwa kwa sheria za nchi nyingine. Zirekebishe kwanza hizo.

Makao makuu wakidhani kwamba umbali unawakinga, waeleze yaliyotokea Nairobi. Mwaka 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilikataa hoja ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya kwa kuwa si kampuni ya hapa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono msimamo huo. Kesi ile ilifunguliwa na watu waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook, walioajiriwa kupitia kampuni nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Gawa sera mafungu matatu

Chukua kalamu za rangi tatu. Rangi ya kwanza ni ya vipengele ambavyo sheria ya Kenya imeshaviamulia: likizo, notisi, nidhamu, kupunguza wafanyakazi, makato ya mshahara. Ya pili ni ya vipengele ambavyo sheria haivigusi sana lakini desturi ya mahali inavigusa: tathmini ya kazi, saa za zamu, namna ya kupeleka malalamiko. Ya tatu ni ya mambo ambayo kampuni mama ina haki na sababu ya kutaka yafanane kila nchi, kama vile rushwa, usalama wa mashine, ajira ya watoto na viwango vya maadili. Hayo ya tatu usiyashindanie, yapokee jinsi yalivyo.

Mgawanyo huu haukutoka hewani. Mwaka 1994 Philip Rosenzweig na Nitin Nohria walichapisha utafiti juu ya kampuni tanzu 249 za kigeni zilizoko Marekani. Waliona kwamba kwa jumla kampuni hizo zilifuata desturi za pale zilipo, hasa katika mambo yanayomgusa mfanyakazi wa kawaida, kama vile muda wa mapumziko na marupurupu. Yaliyobaki karibu zaidi na desturi za makao makuu yalikuwa bonasi za wakubwa na namna ya kushirikisha watu katika maamuzi. Ukimwandikia mkurugenzi wa kanda kuomba tofauti kwenye likizo, basi, huombi jambo geni. Mambo huishia hapo hata Marekani.

Hatua ya 3: Likizo, saa na mshahara

Kanuni ni moja: sera ikizidi sheria, fuata sera, ikipungua, fuata sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, uzazi miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba, zote kwa mshahara kamili. Akishafanya kazi miezi miwili mfululizo, anastahili pia likizo ya ugonjwa ya siku saba kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara, angalau.

Kampuni nyingi za Marekani huweka likizo na ugonjwa kwenye kapu moja la siku za mapumziko. Kwa hapa haiwezekani. Mtu akilazwa na malaria, siku zile hazikatwi kwenye likizo yake ya mwaka. Mifumo ya kompyuta ya makao makuu huja na kapu hilo moja, kwa hiyo omba ligawanywe kabla mfumo haujawashwa. Ukishawashwa, kila marekebisho yatahitaji ombi kwa watu wa teknolojia linalosubiri wiki nzima.

Mishahara siku hizi hutayarishwa nje, kwenye kituo kinachohudumia nchi ishirini, na yule anayetayarisha hana habari na Gazeti Rasmi la Serikali. Mtumie mabadiliko wewe. Mwaka 2024 peke yake ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ulipata sheria yake mpya, na mwajiri akawa anaongeza asilimia 1.5 nyingine. Oktoba, makato ya SHIF, mfuko mpya wa bima ya afya, ya asilimia 2.75 yakachukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani. Viwango vya NSSF, mfuko wa hifadhi ya uzeeni, navyo vimekuwa vikipanda kila Februari tangu 2023. Makato haya, pamoja na kodi ya mshahara, yanatakiwa kufika si baada ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na faini haimwangukii aliyekosea hesabu huko nje. Inaangukia kampuni ya hapa.

Angalia pia kima cha chini. Mombasa imo kwenye kundi la miji mikuu pamoja na Nairobi na Kisumu, kwa hiyo jedwali la mishahara lililotayarishwa kwa ajili ya shamba la bara halifai hapa.

Hatua ya 4: Vibarua

Hili Mombasa ina historia nalo. Januari 1947 mji ulisimama. Maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli, hoteli na majumbani waligoma, na Chege Kibachia akawa sauti yao katika Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika. Miongoni mwa waliobebeshwa mzigo mzito zaidi walikuwa watu wa kutwa, waliopata kazi leo na kukosa kesho. Miaka ya 1950 bandari ilipunguza kazi ya kuokota watu getini. Mtu anayesimamia vibarua kando ya bandari ya Kilindini na asiyaelewe hayo hataelewa kwa nini maneno fulani huwasha moto haraka hapa.

Sheria nayo iko wazi. Kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa jumla haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mwezi. Haki za notisi na likizo humfuata.

Makao makuu hupenda kitu wanachokiita kubana idadi ya watu. Idadi ya waajiriwa haitakiwi kuzidi kiasi fulani, na meneja wa ghala anajaza pengo kwa vibarua walewale, mwaka wa nne sasa, wanaojua mpaka jina la mtoto wa mlinzi. Hapo kampuni inaweka akiba kwenye ripoti na deni mahakamani. Fanya hivi: toa orodha ya malipo ya kutwa ya miezi sita, panga majina, na kila aliyeonekana mfululizo mpe mkataba wa muda maalumu au wa kudumu. Kisha mpelekee mkurugenzi wa fedha hesabu mbili, gharama ya kuwaajiri na gharama ya kushtakiwa na kundi zima. Hesabu hiyo huwa inajibu yenyewe.

Hatua ya 5: Nidhamu na kuachisha kazi

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu pesa nyingi na machozi mengi hutoka hapa.

Katika karibu majimbo yote ya Marekani, isipokuwa Montana, mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi bila kutoa sababu, mradi haivunji sheria ya ubaguzi au kinga nyingine maalumu. Meneja aliyelelewa kwenye mazingira hayo huona kumwita mtu, kumpa barua na kumlipa notisi ni ustaarabu wa kutosha. Kwa Kenya hautoshi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, awe na mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua mwenyewe, na asikilizwe kabla ya uamuzi. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu hiyo. Akishindwa, mahakama inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Aliye kwenye majaribio naye usimpuuze: mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira waliamua kwamba kumnyima usikilizwaji kwa sababu ya majaribio kunakwenda kinyume na Katiba.

Utaratibu wenyewe uende hivi. Barua ya kumtaka ajieleze iseme kosa, tarehe, mahali na ushahidi, na impe muda wa kweli wa kujibu. Saa 48 ni kiasi cha chini ambacho mimi ningekikubali, na si Ijumaa jioni hadi Jumatatu. Ushahidi ataupata kabla ya kikao, akutane nao akiwa ametulia. Aliyechunguza asiwe ndiye hakimu. Kikao kikiisha, uamuzi usitoke palepale, na barua ya uamuzi imweleze anakata rufaa kwa nani, mtu aliye hapa au wa kanda, si anwani ya pamoja isiyojibiwa.

Sasa lugha. Vikao vingi vya kampuni za kigeni huwa na bosi kwenye skrini, anaongea Kiingereza kutoka mbali, na mfanyakazi anajibu kwa Kiswahili. Katibu anaandika kwa Kiingereza, kwa ufupi, akijaribu kwenda nao sambamba. Dereva wa folklifti akisema, "Niliona pasi ya geti haina saini, nikaambiwa toa tu," kumbukumbu zinazofika makao makuu husema amekiri kutoa mzigo bila idhini. Maneno matatu ya mwisho ndiyo kesi nzima, na yameachwa. Kwa hiyo andika kumbukumbu kwa Kiswahili kama maneno yalivyosemwa, mfanyakazi na mwenzake wazisome na kutia saini, ndipo zitafsiriwe na nakala zote mbili zikae pamoja. Bosi wa skrini atavumilia kusubiri tafsiri. Anayepoteza kazi ana watoto wa shule, na anastahili maneno yake yafike jinsi alivyoyatoa.

Kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kibiashara kuna njia yake, kifungu cha 40. Chama na ofisa wa kazi wapewe taarifa angalau mwezi mmoja kabla, vigezo viwe wazi, na malipo yasipungue mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Mahakama zimesisitiza pia mashauriano. Ukipokea orodha ya majina kutoka nje ikiwa tayari na tarehe, irudishe. Uulize vigezo vilivyotumika ni vipi. Orodha iliyotangulia mashauriano ndiyo itakayosomwa kwanza na wakili wa upande wa pili.

Hatua ya 6: Tathmini ya kazi

Fomu ya makao makuu humtaka mfanyakazi ajipe alama, 1 hadi 5, kisha aandike mafanikio yake makubwa ya mwaka. Kijana aliyetoka chuo ataijaza kwa raha. Msimamizi wa makuli mwenye miaka ishirini kazini atakuangalia akuulize, "Mwanangu, sifa ya mtu si husemwa na wenziwe? Leo wataka nijipambe mwenyewe?" Atajipa 3 kila mahali, halafu mfumo utasema ni mtu wa wastani, na ongezeko la mshahara litakwenda kwa kijana.

Hapa sheria haikuzuii, ni wewe tu kushughulika. Badili sehemu ya kujipa alama iwe mazungumzo. Msimamizi aulize mambo ya kuhesabika: makontena yaliyopakuliwa, mizigo iliyoharibika, ajali zilizokwepwa, vijana aliowafundisha kazi. Ajaze yeye, mfanyakazi asome, aongeze lake, atie saini. Kisha kwenye kikao cha kulinganisha alama za nchi zote, tuma maelezo mafupi yanayosema alama za Mombasa zilipatikana vipi.

Wakikutaka ulazimishe mgao, kwamba lazima asilimia kumi wawe wa chini kabisa, kataa kwa hoja. Kwenye timu ya watu wanane hesabu hiyo haina maana, na Microsoft wenyewe waliacha upangaji wa aina hiyo mwaka 2013. Zaidi ya hayo, alama ya chini peke yake haimwachishi mtu kazi Kenya. Utatakiwa kuonyesha kwamba alielezwa kiwango, akasaidiwa, akapewa muda.

Hatua ya 7: Saa za mji

Haya hayamo katika sera yoyote ya dunia, na ndiyo yanayowafanya watu waipende au waichukie kampuni.

Zamu ya saa nane mchana hadi saa nne usiku hukatwa na magharibi. Mwezi wa Ramadhani panga mapumziko yaangukie futari, si saa moja na nusu kwa sababu ratiba ya dunia inasema hivyo. Wasiofunga wapumzike kwa zamu nyingine ili mtambo usisimame. Ijumaa, mapumziko ya mchana yaanze saa sita na nusu na yawe marefu kidogo, dakika zirudishwe mwisho wa siku. Idd hufuata mwandamo wa mwezi. Mfumo wa likizo unaodai tarehe kamili siku thelathini kabla lazima uruhusu siku moja kusogea bila mtu kuhesabiwa mtoro.

Wengi wanaotoka Likoni na Kwale wanavuka kwa feri. Feri moja ikiharibika, watu wengi hugonga kadi wamechelewa kwa pamoja, na sera ya onyo baada ya kuchelewa mara tatu inawaadhibu kwa jambo lisilo lao. Andika kwenye nyongeza kwamba ucheleweshaji wa kivuko unaojulikana kwa umma hauhesabiwi.

Laini ya simu ya malalamiko nayo itazame. Namba ya nje, Kiingereza, saa za Ulaya: haipigwi. Sheria inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono, na sera hiyo haina kazi kama binti wa idara ya usafi hana mtu wa kumwendea. Teua wawili wa hapa, mmoja awe mwanamke, wapewe mafunzo, na majina yao yabandikwe chooni na mesini.

Hatua ya 8: Wageni, chama na taarifa

Meneja wa kigeni anahitaji kibali cha kazi, kwa kawaida cha daraja D, na kampuni hutakiwa kueleza ni Mkenya gani anaandaliwa kushika nafasi hiyo. Usilijaze jina ili fomu ipite. Mwandikie huyo mwanafunzi wa kazi mpango wa miaka miwili, na meneja mgeni apimwe kwa mpango huo kwenye tathmini yake.

Chama kikisajili wengi wa wafanyakazi wanaoweza kuwakilishwa nacho, yaani zaidi ya nusu, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inakulazimu kukitambua. Waeleze makao makuu mapema kwamba mkataba wa pamoja ukishasajiliwa mahakamani unashinda kitabu chao cha sera. Wasipojua, watatangaza nyongeza ya mishahara ya dunia nzima na wewe utakuwa umekaa mezani na mwakilishi wa chama, mnajadili kitu kingine.

Alama za vidole, ripoti za daktari na picha za kamera zikipelekwa kwenye seva ya nje, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusika. Iombe kampuni mama hati ya kinga zilizopo, na usipeleke taarifa za afya ambazo hakuna anayezihitaji huko.

Hatua ya 9: Peleka nyongeza, upate saini

Nyongeza iwe fupi, kurasa nne au tano. Kwa kila kipengele andika mambo matatu: sera inasema nini, sheria au hali ya Mombasa inasema nini kwa namba ya kifungu, na maneno unayopendekeza. Ongeza gharama pale ilipo. Usiandike kwa sauti ya kulalamika, mkurugenzi wa kanda anahitaji kitu anachoweza kukipeleka kwa bosi wake bila kukiandika upya.

Ipitishe kwa wakili wa ajira kwanza, au kwa Shirikisho la Waajiri kama kampuni ni mwanachama. Wakijibu kwamba sera haina tofauti za nchi, omba jibu hilo kwa maandishi, lenye jina, kwa kila kipengele ulichotaja kifungu chake. Mara nyingi kipengele hupita hapo, kwa sababu hakuna anayetaka kutia saini kwamba ameambiwa sheria na ameipuuza.

Ikishapita, itoe kwa Kiswahili na Kiingereza. Isome mbele ya kila zamu, ya usiku ikiwemo, na watu waulize maswali. Kisha tia alama mbili kwenye kalenda ya kila mwaka. Ya kwanza ni Februari, kuangalia makato ya NSSF. Ya pili ni Mei mosi, kusikiliza kama Serikali imetangaza nyongeza ya kima cha chini, halafu usubiri itoke kwenye Gazeti Rasmi ndipo uwaandikie wa kituo cha mishahara.